Thina Juu ya Mafuta

Kwanza, kwa ajili ya kumbukumbu, nieleze kwa nini nilikuwa nyumbani katikati ya muhula. Nilikuwa nimetunga tangazo. Lilikuwa na muhuri (wa kiazi, lakini muhuri), na lilisema kwamba Mkaguzi wa Soksi angefika Jumatano saa moja asubuhi, hivyo kila mwanafunzi wa bweni asimame uwanjani akiwa ameinua juu soksi ya mguu wa kushoto, pasipo kuikunja. Wasichana mia tatu na arobaini walisimama. Walimu wawili nao walisimama. Kamati ya nidhamu ilikaa, mjumbe mmoja akaomba ruhusa ya kutoka nje kwenda kucheka, kisha ikanipa wiki tatu nikatafakari mwenendo wangu.

Nimetafakari. Haya ndiyo matokeo, na laiti yangekuwa ya soksi tu.

Nyumbani nilikuta vita. Upande mmoja alikuwa baba yangu, mpiga rangi wa magari, ambaye gereji nzima humwita Bunduki kwa sababu ya ile bunduki ya kupulizia rangi isiyomtoka mkononi. Upande wa pili alikuwa baba mdogo, fundi saa, anayekaa vyumba viwili vya ng'ambo ya ua wetu, na ambaye mtaa mzima humwita Dakika. Ukimpa saa ya ukutani leo, utaipata. Hakusema utaipata lini.

Kilichogombaniwa kilikuwa gari lenye urefu wa kiganja.

Lilikuwa gari la babu. Si lile lenyewe. Lile lilishakufa, na kifo chake nitakifikia. Hili lilikuwa la plastiki, kwa kipimo cha moja kwa ishirini na nne, na baba mdogo alikuwa amelikalia miezi minne mizima. Alianza na kifurushi cha vipande vya gari la aina nyingine, akakata, akajaza puti, akapiga msasa, akakata tena, mpaka ikatoka ile teksi ya babu, yenye mashavu ya mviringo na boneti fupi kama pua ya mtoto. Taa za mbele zilikuwa vioo vya saa za kike. Usukani ulikuwa gurudumu la saa ya mezani lililong'olewa meno. Mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa umebonyea kidogo, kwa sababu wa babu ulikuwa umebonyea kidogo. Lilikuwa limekamilika kila kitu isipokuwa rangi.

Na lilikuwa la bibi. Bibi alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilishafunga duka. La kulia lilifungua saa chache tu, asubuhi, karibu na dirisha, na hata hapo halikuuza bidhaa zote. Alikuwa ametuomba kitu kimoja tu: kabla jicho halijafunga, alione tena gari la mume wake likiwa kwenye ujani wake. Hakutaka picha, maana picha zote zilikuwa nyeusi na nyeupe. Alitaka ujani.

"Mke mwenzangu," aliniita siku niliyofika, kabla hata sijatua begi. Ndivyo ananiita tangu nizaliwe. "Wamekufukuza?"

"Wamenipumzisha, bibi."

"Hata mume wetu alikuwa akipumzishwa shule. Gari lake limefika wapi? Nikiwauliza hawa wawili wananijibu kama mawakili."

Juu ya meza yake, chini ya jagi la maji, palikuwa na kifuniko cha tangi la petroli la ile teksi. Ndicho kipande pekee kilichobaki. Bibi alikifanya kisahani cha jagi miaka yote hiyo, na rangi yake ilikuwa haijafifia: kijani cha pera ambalo halijaamua kuiva.

Sasa nieleze vita. Baba alitaka rangi ya thina, ile ya kupulizia magari halisi, inayokauka kabla hujamaliza kupiga chafya. Ikishakauka unapuliza vanishi juu yake, nayo ni ya thina vilevile, na kazi imekwisha. Siku moja, ukikaza mwendo.

Baba mdogo alitaka rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta haina haja ya vanishi, inang'aa yenyewe, inatulia kama maji kwenye sahani, na haiwezi kuila plastiki. Lakini haikauki. Yaani inakauka, kwa masharti yake. Juu unaigusa kesho unaiona kavu, kumbe ndani bado ni mbichi kwa wiki nzima.

"Thina yako itaitafuna plastiki," baba mdogo alisema.

"Nikitanguliza praima chini yake haitafuni."

"Praima ikiacha tundu la sindano?"

"Mimi nimepiga rangi magari miaka ishirini na sita. Nikiacha tundu la sindano, nichome nalo jicho."

"Magari yako ni ya bati, kaka. Bati halina moyo."

"Na mama ana wiki ngapi? Wewe mwenye saa mia mbili ukutani, hebu niambie."

Mimi, kwa nia njema kabisa, nilipendekeza rangi ya maji, ile tuliyotumia kwenye somo la sanaa. Hainuki, haili kitu, na unaosha brashi kwa sabuni. Wote wawili walinigeukia kwa pamoja.

"Ya kupaka katuni," baba alisema.

"Ya chekechea," baba mdogo alimalizia.

Walikuwa hawajakubaliana jambo lolote tangu kifo cha teksi. Babu alipofariki, baba mdogo aliifungua injini ili aitengeneze. Aliifungua kwa uangalifu mkubwa, kila skrubu kwenye kikopo chake chenye karatasi, na vikopo vikakaa ukumbini miaka miwili. Siku moja baba akachoka kuruka vikopo. Akaita watu wa vyuma chakavu, teksi ikaondoka juu ya lori, na baba mdogo aliporudi kutoka kazini akakuta ua una mstatili wa mafuta tu. Tangu hapo mmoja ni mwuaji wa haraka na mwingine ni mwuaji wa pole pole, na maiti ni moja.

Mama yangu, ambaye ni muuguzi na ndiye aliyekuwa akimtia bibi matone ya macho, ndiye aliyetoa uamuzi. "Jaribuni kwenye vijiko," alisema. "Kama watu wazima."

Vijiko ni desturi ya watu wa vigari hivi. Huwezi kujaribia rangi kwenye gari lenyewe, kwa hiyo unajaribia mgongo wa kijiko cha plastiki, maana umepinda kama boneti. Baba alichanganya ule ujani, yeye peke yake, kwa jicho, kifuniko cha tangi kikiwa mbele yake, tone la njano, tone la nyeusi, mpaka ukafanana. Aliuchanganya mara mbili: kwa thina kwenye chupa moja ya jamu, kwa mafuta kwenye chupa nyingine ya jamu. Juu ya vifuniko wakabandika karatasi, T na M. Vijiko viwili vikapulizwa, cha T kikapata na vanishi, kila kimoja kikafungwa karatasi yake mkiani, vikatundikwa kwenye waya wa banda la nyuma siku tatu.

Siku tatu nilisikiliza hotuba. Kila mmoja alipita pale chini ya waya akakisifu kijiko chake na kukisikitikia cha mwenzake. Baba mdogo, ambaye hufundisha hata asipoulizwa, alinipa na sheria ya kukariri: "Mafuta juu ya thina, raha. Thina juu ya mafuta, karaha."

"Kwa nini, baba mdogo?"

"Mafuta huwa mabichi ndani. Ukiyapiga thina, inapenya chini, inayakoroga. Yanajikunja kama utando wa maziwa. Hata baba yako anajua hiyo, muulize."

"Hata mtoto wa gereji anajua hiyo," baba alisema kutoka ndani.

Siku ya tatu, Jumatano, saa kumi jioni, nilikuwa peke yangu bandani. Mahakama izingatie kwamba nilikuwa nimekaa siku nane bila kosa lolote. Nilibadilisha karatasi za vijiko. Karatasi ya T nikaifunga kwenye kijiko cha mafuta, ya M kwenye kijiko cha thina. Kisha, kwa kuwa mzaha usiokamilika ni uhuni mtupu, nikabadilisha na vifuniko vya chupa za jamu, ili hata wakipuliza upya mambo yaendelee kuwa matamu.

Ulikuwa mzaha bora wa maisha yangu. Naomba nitendewe haki hapo. Walikuja wote wawili, wakasimama chini ya waya kama madaktari. Baba alishika kijiko chenye T.

"Tazama," alisema. "Tazama kina. Unaona uso wako? Hiki ndicho kitu nimekuwa nikikuambia. Mafuta yako yangetoa kioo hiki?"

Kilikuwa kijiko cha mafuta.

Baba mdogo naye alikigeuza chenye M kwenye mwanga, akipitisha ukucha. "Kigumu, chembamba, hakijafunika hata herufi ya kiwandani hapa mgongoni. Thina haiwezi adabu kama hii."

Kilikuwa kijiko cha thina. Niliuma kola ya blauzi yangu. Baba hakunusa chochote, kwa sababu pua yake ilishaliwa na thina tangu nikiwa mdogo. Hata chakula kikiungua yeye hupata habari kwa kuambiwa. Baba mdogo alikuwa na pua, lakini banda zima lilinuka vitu vyote viwili. Niliamua kuisoma hukumu wakati wa chakula cha jioni, mbele ya mashahidi. Nilikuwa nimeshatunga na sentensi ya kufungulia: "Waheshimiwa, kila mmoja wenu amekiri."

Mama alirudi na bibi kutoka kwa daktari wa macho tukiwa tumeshakaa mezani. Alimpeleka bibi chumbani, akarudi, akakaa bila kuvua viatu.

"Amesema siku," mama alisema. "Sio wiki. Pengine ikifika Jumatatu hakuna kitu."

Baba mdogo alikuwa akikitazama kisu chake.

"Kaka," alisema, "tutumie yako."

Baba aliinua kichwa. Nadhani alitazamia vita, na mikono yake haikujua ifanye nini bila vita. "Mafuta yangekuwa mazuri zaidi," alisema taratibu. "Kama tungekuwa na muda. Hilo nakubali."

"Hatuna. Puliza wewe. Mkono wako ndio wa bunduki."

"Praima nitapiga mara mbili. Sitaacha tundu."

"Najua huachi."

Baba akasogeza bakuli la mchuzi upande wa mdogo wake. Ni kitu kidogo, lakini nyumba hii bakuli lilikuwa halijasogezwa na mkono ule kuelekea upande ule tangu nikiwa darasa la kwanza. Mama aliinama kufungua viatu, akakawia huko chini.

Nami nilikuwa na sentensi yangu mdomoni. Waheshimiwa, kila mmoja wenu amekiri. Nikaimeza na tonge. Nilijiambia sio wakati wake. Nilijiambia kesho asubuhi nitaamka kabla ya wote, nirudishe vifuniko, na mzaha huu utazikwa bila mazishi.

Sasa, mtu aliyelelewa na kengele ya bweni, asipoisikia kengele, haamki. Nilichoamka nacho ni mlio wa kompresa, ile pampu ya hewa ya bunduki ya baba.

Nilipofika bandani bila viatu, gari la babu lilikuwa juu ya kigingi, kijani, linang'aa kwa unyevu, na baba alikuwa akisafisha bunduki ndogo. Baba mdogo alikuwa nyuma yake, mikono mgongoni.

"Umeweza, kaka," alikuwa akisema. "Umeweza kabisa. Ni lenyewe."

"Nilianza na praima alfajiri. Hii imetulia ajabu. Sijawahi kuona thina inatulia hivi."

"Ni mkono."

"Ni plastiki yako. Umeipiga msasa kama yai."

Walikuwa wakisifiana. Nilisimama mlangoni nikiwatazama watu wazima wawili wakisifiana, na chupa ya jamu yenye kifuniko cha T ilikuwa wazi mezani, na ndani yake mlikuwa na rangi ya mafuta.

Nilikuwa na siku nzima ya Alhamisi ya kusema. Naiandika hapa bila mzaha: siku nzima. Saa nne baba aligusa chini ya bampa, akaangalia kidole. "Inachelewa. Ni mvua hii, hewa ina maji." Saa nane aligusa tena. Baba mdogo alikuja na viti viwili wakakaa mlangoni mwa banda wakizungumza habari za babu: jinsi alivyokuwa akimpigia honi bibi badala ya kumwita jina, na jinsi ule mlango ulivyobonyea, maana walikuwa wameubonyeza wao wawili kwa mpira na babu akachapa mmoja tu. Walicheka. Nilipita pale mara tano, kila mara nikiwa na sentensi nyingine, na kila mara kicheko chao kikanizuia. Jioni juu palikuwa pakavu. Palikuwa pakavu juu.

Ijumaa alfajiri nilikuwepo bandani kabla ya baba. Chupa ya vanishi ilikuwa imeshaandaliwa.

"Mheshimiwa," baba alisema. Tangu barua ya shule ifike aliniita hivyo. "Leo umeamka wewe. Kuna ugeni gani?"

"Baba, si tungoje kidogo? Hiyo rangi. Wiki moja tu."

"Wiki?"

"Au siku tatu."

Alinitazama kwa upole, na hilo ndilo sijalisamehe. "Kungoja ni kwa watu wenye macho," alisema. "Bibi yako anaamka saa mbili. Saa nne mwanga unaingia dirishani kwake. Nataka gari liwe mezani."

Nilifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa: "Basi nikushikie taa."

Nikamshikia taa.

Mwanzoni haikutokea kitu. Vanishi ilishuka kama ukungu, ujani ukazama, ukawa mzuri kuliko kifuniko cha tangi chenyewe. Labda kwa sekunde ishirini lilikuwa gari la babu, kabisa. Kisha boneti ikawa kama imepigwa na baridi. Paa likavimba mshipa mmoja, ukazaa mishipa mingine. Milango ikakunjamana, kingo za madirisha zikajikusanya, na rangi yote ikajivuta na kusimama makunyanzi, kama utando wa maziwa unapouvuta kwa kijiko. Baba aliondoa kidole kwenye bunduki, lakini kompresa iliendelea kunguruma muda mrefu.

"Dakika," aliita. Hakupaza sauti.

Baba mdogo alikuja na mswaki mdomoni. Alitazama. Akautoa mswaki. Akachukua chupa ya jamu, akainusa, akachovya kidole, akakisugua na kingine.

"Hii ni mafuta, kaka."

"Kifuniko kinasema nini?"

"Naona kinachosema."

"Nani alibandika hizo karatasi?"

"Mimi nilibandika. Nilibandika sawa."

"Ulibandika sawa," baba alisema. "Halafu juzi ukaniambia tutumie yako, kaka. Kwa upole. Miaka yote hii hujawahi kusema hivyo kwa upole."

"Unasema nini?"

"Ulitaka gari liharibike mkononi mwangu. Ili upate kusema: mnaona, haraka yake."

"Miezi minne," baba mdogo alisema. "Miezi minne nimelichonga kwa wembe wa saa, kisha niliue ili nikuaibishe? Una akili wewe? Au ni wewe uliyebadilisha, umelichoka langu kama ulivyovichoka vikopo?"

Na vikopo vikarudi. Lori likarudi, na mstatili wa mafuta, na nani alibebeshwa jeneza upande gani. Mama alikuja akiwa na sare ya kazi, amevaa kiatu kimoja.

Hapo nilisema. Nilisema yote, kwa mpangilio mzuri, kama nilivyofundishwa kwenye mdahalo: saa, karatasi, vifuniko, sababu. Nilileta na vijiko vyenyewe, nikawaonyesha mafundo mawili niliyofungia karatasi upya kwenye kila mkia.

Baba aliniacha nimalize. Kisha akamtazama mdogo wake. "Umemfundisha vizuri," alisema. "Mtoto amekariri mpaka mafundo."

"Mimi?" Baba mdogo alinigeukia. "Mwanangu, usijitwike mzigo wa wakubwa. Najua unampenda baba yako. Lakini usimbebee."

"Ni mimi," nilisema. "Naapa ni mimi. Ulikuwa mzaha."

"Yeye kila kitu mzaha," baba alisema. "Hata shule wanamjua."

Sikuwahi kuwaza kwamba siku moja ningesema kweli na ikaonekana haifai. Walikuwa na ugomvi wao tayari, umekomaa, una miaka, unawaenea. Wangu ulikuwa mpya na mdogo, hawakuwa na mahali pa kuuweka. Baba alizimwaga chupa zote mbili kwenye shimo la taka, zote mbili, akavaa kofia yake akaenda gereji.

Mama alibaki. "Mimi nakuamini," aliniambia. "Ndiyo maana siwezi kukutazama sasa hivi." Akaenda kutafuta kiatu cha pili.

Baba mdogo alilitumbukiza gari kwenye bakuli la mafuta ya breki, maana ndiyo yanayovua rangi bila kuumiza plastiki, akalisugua kwa mswaki Jumamosi na Jumapili. Hakunipa mswaki. Jumapili jioni alipiga praima, ya kijivu, safi, haina hata tundu la sindano. Kisha akakaa.

"Sasa ujani," nilisema.

"Ujani anaujua yeye. Mimi nikichanganya nitapata kijani. Sio kile."

"Basi mwombe."

"Simwombi."

Nilivuka ua. Baba alikuwa akinoa kisu ambacho tayari kilikuwa kikali.

"Mwambie alipake anavyojua yeye," baba alisema. "Ana muda mwingi."

Nilivuka ua mara nne usiku ule. Nimehesabu, ni hatua kumi na tisa.

Jumatatu saa nne kasoro, bibi aliniita. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake dirishani, amejifunga kitenge cha kutokea.

"Mke mwenzangu. Waite hao wawili. Na gari."

"Bibi, bado kidogo, rangi…"

"Nimengoja rangi yao wiki. Mwanga ndio huu. Lete."

Nililibeba mimi. Lilikuwa jepesi mno. Baba alikuja akasimama upande huu wa mlango, baba mdogo upande ule, kama askari wa benki wasiojuana. Mama alishika bega la bibi. Nililiweka gari mezani, kwenye mwanga, karibu na jagi. Kijivu, lote, kama kitu kilichochongwa kwenye jivu. Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na sentensi ya kila hafla maisha yangu yote.

Bibi alinyoosha mkono, ukatua juu ya meza, shibiri moja kushoto kwa gari. Ukapapasa. Ukalipata. Alilishika kwa vidole vyote, akapita juu ya paa, kwenye mashavu, akafika kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, akakaa pale kwenye kibonyeo.

"Wapumbavu nyinyi," alisema polepole. "Na mpira wenu."

Kisha akaliinua karibu na jicho la kulia, akaligeuza kwenye mwanga. Nje mtu alikuwa akifagia.

"Kijani," bibi alisema. "Kijani chenyewe. Nilikuwa naogopa mtanipatia cha majani ya chai."

Aliondoa jagi kwa mkono wa pili, akakichukua kifuniko cha tangi, akakiweka ubavuni mwa gari. Kijani cha pera, kando ya kijivu.

"Hakuna tofauti," alisema. "Nani kachanganya?"

Nilimwona baba akifungua mdomo. Hakumtazama mdogo wake. Mdogo wake hakumtazama.

"Mbona kimya? Hamuoni?"

"Tunaona, mama," walisema kwa pamoja.

Ilikuwa mara ya tatu kukubaliana, tukihesabu ile ya rangi ya maji na ile ya mezani. Kisha baba akatoka kwa mlango wa mbele na baba mdogo kwa wa nyuma.

Gari liko mezani kwa bibi mpaka leo, na wageni wakija anawauliza kama wamewahi kuona ujani mzuri hivyo. Wengine husita, mama akawakanyaga mguu. Halijapakwa. Nilimwuliza baba mdogo wiki niliyorudi shule, kama hata yeye hawezi kujaribu, rangi yoyote, usiku bibi akiwa amelala.

"Sasa?" alisema, akiwa ameinamia saa ya mtu. "Sasa muda tunao. Hata mafuta yangekauka."